Liti, Nyuki na Amri ya Kwanza

Vijana wetu wa Nduguti wakienda Singida mjini kutazama mpira huingia Uwanja wa Liti. Jina wanalijua, mwenye jina hawamjui. Liti Kidanka alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, nao wakamwua. Wazee husimulia kwamba nyuki walimtii na kuwafukuza askari wenye bunduki.

Sisi Walutheri tunamkwepa, na sababu twaijua: wamisionari wa Leipzig waliotuletea Injili huku Iramba walitoka nchi ile ile ya wale askari. Ni rahisi kusema hayo ni mambo ya mizimu, tuyaache. Lakini basi tufanyeje na Debora? Jina lake kwa Kiebrania maana yake ni nyuki. Baraka, aliyekuwa na watu 10,000 nyuma yake, alikataa kwenda vitani bila mama huyo. Hata hivyo hakuna aliyemsujudia.

Kumheshimu Liti si kosa. Tujiulize tunamwomba nini. Kule Kigezi, Uganda, watu walipigana na Waingereza kwa jina la Nyabingi, roho wa kike. Muhumusa, mwanamke aliyenena kwa niaba ya roho huyo, alikamatwa mwaka 1911, akazuiliwa Kampala hadi kifo chake mwaka 1945. Ushujaa ule ulikuwa wa kweli. Lakini Nyabingi alidai vitu, na watu walitoa mifugo yao kwa kuogopa kudhurika. Heshima ikifika hapo imekwisha kuwa ibada, na anayeilipia ni maskini.

Luther naye aliwahi kuvaa upanga, alipojificha Wartburg mwaka 1521 na kuitwa Jörg. Mwaka 1526 alimjibu askari mmoja, Assa von Kram, aliyetaka kujua kama watu wa vita nao waweza kuokolewa. Hakumwambia atupe silaha. Alimwonya asizitumainie, hata akiwa upande wa haki.

Kwa hiyo mtoto wa Kipaimara akituuliza kama Liti yuko mbinguni, hukumu hiyo si yetu. Mzazi akitaka binti yake aitwe Liti, tutambatiza kwa jina hilo. Na atakayebeba asali kwenda kumwomba Liti mvua (mvua ikichelewa hapa Mkalama, nani hajawahi kushawishika?), tutamwita arudi aketi nasi kanisani, tuiombe pamoja. Asali tutainywea chai.