Anania Watatu

Masomo: Matendo 5:1-11, 9:10-19, 23:1-5



Kitabu cha Matendo kinatuonyesha wanaume watatu wenye jina moja, Anania. Kwa Kiebrania maana yake ni kwamba Bwana ana neema. Wa kwanza aliuza kiwanja, akaficha sehemu ya bei, akasema uongo mbele ya mitume. Wa mwisho alikuwa Kuhani Mkuu. Paulo alipoanza tu kujitetea, akaamuru apigwe kinywani.

Huyu wa katikati hatajwi kwa mali wala cheo. Alikuwa mwanafunzi kule Dameski. Bwana alipomtuma kwa Sauli, aliogopa, maana alijua maovu ambayo mtu yule aliwatendea watakatifu. Hata hivyo alikwenda, akamwekea mikono, akamwita ndugu.

Wazazi, huku ugenini tunawapa watoto wetu majina ya Biblia, na ni vema. Lakini jina halimbebi mtu. Watoto hujifunza maana yake kwa kututazama. Wanasikia mezani tunavyomsema mtu wa kabila lile, au wa upande ule wa vita tulivyovikimbia. Akija kuketi nasi kanisani, je, tutamwita ndugu?

Juma hili, kila familia imkumbuke mtu mmoja ambaye tumekuwa tukimkwepa. Tumpigie simu, tumsalimu, tumkaribishe chakula. Neema iliyo katika jina ionekane mlangoni petu.

Mungu awabariki. Amina.