Sauti Imfikiayo Mtoto Tumboni

Mtakatifu Luka, aliyekuwa tabibu, atueleza kwamba Bikira Maria alipomwamkia Elizabeti, kitoto kiliruka tumboni mwa yule mama mzee. Wala hakusahau kutaja mwezi wa mimba: ulikuwa wa sita. Kuruka kwa Yohane ni kazi ya Roho Mtakatifu, nasi hatuthubutu kukugeuza kuwa somo la elimu ya mwili. Hata hivyo yafaa jamaa zetu wajue yale ambayo elimu hiyo imevumbua juu ya mwezi huohuo.

Sikio la ndani, lenye umbo la konokono, huwa limekwisha kuumbika wiki ya 20 hivi. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 mtoto huanza kushtuka kwa mshindo. Si wanyama wote wanyonyeshao walio hivyo. Mtoto wa panya huzaliwa kiziwi, akasikia baada ya siku 12 hivi. Bali mwana-kondoo husikia angali tumboni. Mwaka 1980 wataalamu walitia chombo cha kunasa sauti ndani ya kondoo mwenye mimba, wakamsikia akila, akinywa na kucheua, tena wakasikia na sauti za nje, ingawa zimefifia.

Sauti nene hupenya vema kuliko nyembamba. Lakini sauti ya mama ina njia mbili, ya hewani na ya mwilini mwake mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1980, huko Marekani, DeCasper na Fifer waliwapa chuchu ya mpira watoto wasiotimiza siku tatu. Kwa kubadili mwendo wa kunyonya, mtoto aliweza kujiletea sauti ya mamaye au ya mwanamke mgeni. Wengi walijiletea ya mama.

Hatusemi kwamba mtoto hufahamu maneno. Lakini nyumba ambamo mama mjamzito hufokewa kila usiku si nyumba ya watu wawili tu. Yuko wa tatu asikiaye.

Na akina baba? Jaribio la mwaka 1984 lilionyesha kwamba watoto wachanga walipambanua sauti za wanaume, lakini hawakupendelea ya baba kuliko ya mwanamume mwingine. Ndiyo maana twaomba Rozari ya jioni isisaliwe na mama peke yake, baba akiwa bado kilabuni.