Pwani Inakudai

Utakwenda lini?

Nakuuliza wewe. Wewe uliyesema "mwakani, Mungu akijalia" mwaka juzi, ukarudia mwaka jana, na sasa ulimi umeshazoea hata husikii unachokisema. Mungu amejalia. Mwaka umefika. Uko wapi?

Uko palepale.

Watu wanakaa angani saa tisa, saa kumi, kutoka Ulaya, waje kula pweza Forodhani, waogelee Nungwi, wapige picha milango ya Lamu. Maneno yao mawili matatu ya Kiswahili wamejifunzia ndani ya ndege. Wewe lugha unayo, basi liko stendi, boti iko bandarini, na bado pwani yako unaiangalia kwenye simu ya mtu mwingine. Hilo halikuumi?

Usinitajie pesa. Bado. Pesa tutaizungumza, tena kwa hesabu. Kwanza nijibu hili: umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi?

Umekaa. Pengine ulikuwa mweka hazina. Mlianza mikono mitupu. Mkafungua kundi la WhatsApp, mkaandika ahadi, mkawafuata wadaiwa sugu usiku na mchana, mkapata ukumbi, mpishi, muziki, magari, keki, na mamia ya watu wakala wakashiba wakacheza hadi usiku wa manane. Kwa miezi michache tu! Aliyeyafanya yote hayo ni nani? Si wewe? Moyo ule wa kumpigia mtu simu mara tano kwa ahadi ya elfu hamsini, mbona ikifika zamu yako mwenyewe unazimika?

Uwezo hukosi. Umeulaza.

Uamshe leo.

Anza na tarehe. Pesa itafuata tarehe, kama ilivyofuata siku ya harusi ile. Ukiwa umeajiriwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mshahara unaendelea. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa siku za kazi zisizopungua 21. Zako za mwaka uliopita ulizifanyia nini? Ulifukuzia fundi wa bomba. Ulikaa foleni ya ofisi ya ardhi. Ulirudi kazini umechoka kuliko ulivyoondoka. Nawe wa dukani, wa bodaboda, wa saluni, huna bosi wa kukusainia fomu: jisainie mwenyewe. Hakuna atakayekuja kukuambia umefanya kazi vya kutosha, pumzika. Hakuna!

Na tarehe usiiokote tu, ichague. Pwani ina majira yake, na babu zetu wa jahazi walipanga maisha yao yote kwa pepo mbili. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, kaskazi takriban Desemba hadi Machi. Masika, Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa. Juni hadi Oktoba ni kukavu, jua halichomi sana. Januari na Februari ni joto kali. Halafu tazama kalenda ya Kiislamu. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ukiufikia Unguja au Lamu, mchana migahawa mingi hufungwa, lakini jioni, futari inapoteremshwa, utaona meza ambazo miezi mingine huzioni. Mimi ningekwenda hata Ramadhani. Kinachotakiwa ni ujue unachokwendea, usifike na kushangaa mlango umefungwa.

Sasa vituo. Usijaze kumi. Kwa siku 14, vinne vinatosha: Kilwa, Unguja, Mombasa, Lamu. Ukizidisha hapo, likizo yako itaishia stendi.

Kilwa iwe ya kwanza. Watakushangaa. "Kule kuna nini? Magofu tu." Magofu tu? Mwaka 1331 Ibn Battuta, mtu wa Moroko aliyezunguka nusu ya dunia ya wakati wake, alifika Kilwa akaihesabu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri kuliko yote. Sultani wa mji huo, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa na Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja, na bwawa la kuogea la pembe nane, juu ya jabali linaloitazama bahari. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa watu wa hapa. Msikiti Mkuu wao, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, bado una matao na kuba za kukufanya usimame kimya. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505, na jiwe bado limesimama. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981.

Na kuna hili: mwaka 1944, sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia.

Sarafu ya kwenu imefika Australia. Wewe hujafika Kilwa.

Unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa mashua hadi kisiwani, mwongozaji anakueleza kila ukuta kwa lugha yako, bila mkalimani. Jioni unarudi bara, samaki yuko jikoni. Lala siku mbili. Kisha panda basi hadi Dar, na asubuhi ya pili yake uwe ndani ya boti ya Unguja. Mwendo wa saa mbili hivi tu! Saa mbili ambazo Dar es Salaam unazimaliza ndani ya daladala moja kwenye foleni bila kulalamika.

Unguja ndipo wengi wanapoharibu. Wanashuka botini, wanakimbilia ufukweni, wanalala kwenye mchanga, wanarudi nyumbani na picha ishirini za jua linalozama. Hiyo ni Unguja? Kaa mjini kwanza, usiku mbili. Mji Mkongwe, ulioingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, hauonwi kwa saa moja. Potea vichochoroni makusudi. Nenda Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, usimame pale na mwanao mkubwa ajue. Uliza taarabu inapigwa wapi wiki hiyo. Nadi Ikhwan Safaa wanapiga tangu 1905, na wewe umewasikia redioni tu. Vaa nguo ya heshima, sema "shikamoo" na "hodi", na utaona baraza zinavyofunguka.

Halafu kula. Kula kwa mpango!

Asubuhi, mkate wa kumimina na chai ya viungo. Mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka, mahali wanapokula wachukuzi na makarani, pale ambapo sufuria huisha mapema. Jioni, urojo. Usiniambie umeula Kariakoo. Ufuate kwao: rojo la ukwaju na embe mbichi, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishkaki, chipsi za muhogo juu, chatini, pilipili, vyote bakuli moja. Onja taratibu. Bara Hindi imo humo, Uarabuni umo, mrima umo. Karne za biashara ya bahari zimo ndani ya bakuli la plastiki, unakula umesimama. Usiku nenda Forodhani kwa pweza, na uliza bei kabla ya kuonyesha kidole. Maliza na kahawa chungu na halua, ukae barazani usikilize wazee wanavyobishana mpira na siasa. Ukitoka hapo bila kujifunza kitu, hukuwa unasikiliza.

Baada ya mji, bahari. Na hapa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linalowaliza watu. Bahari ina saa zake. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Upande wa mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, maji yakipwa huondoka mbali hadi unaona mchanga na mwamba mtupu. Mgeni asiyejua anasema ametapeliwa. Anayejua anafurahi: asubuhi maji yakiwa yametoka anatembea mbali, anawaona akina mama wa mwani wakifunga kamba zao, anaamkia, anaomba ruhusa kabla ya kupiga picha, mchana maji yakirudi, anaogelea. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, unaweza kuogelea karibu saa zote. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa hiyo tazama tarehe ya mwezi kabla ya kulipia chumba. Muulize mvuvi. Dakika tano za kuuliza zitakuokolea siku tatu za kununa.

Ukiwa na siku ya ziada, shuka Kizimkazi uone msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Ikiwa ni Julai, fika Makunduchi wakati wa sherehe za Mwaka Kogwa.

Mombasa, ukisharudi bara, utaifuata kwa barabara ya Tanga, unapita mpaka wa Horohoro, pasipoti au hati ya kusafiria mkononi. Hati hiyo ishughulikie mapema, usingoje wiki ya mwisho. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi walipoitwaa 1698. Iingie asubuhi, kisha kaa Mji wa Kale na mahamri na mbaazi za nazi, na mchana viazi karai kwa ukwaju. Nawe wa Nairobi, usijifiche nyuma ya umbali: treni mpya ya Mombasa inatembea tangu 2017. Igeuze safari hii, uanzie kaskazini ushuke kusini.

Lamu iwe ya mwisho, kwa sababu Lamu hailazimishiki. Basi linakufikisha Mokowe, boti inakuvusha. Uliza hali ya barabara kabla hujakata tiketi. Mji huu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na vichochoro vyake vimejengwa kwa mtu na punda. Gari halina nafasi humo. Mchanga wa ufukwe wa Shela unautembea hadi miguu ikatae. Mkate wa mofa ukitoka motoni, uwe hapo. Siku tatu. Zima simu.

Haya, pesa.

Shilingi 5,000 za Tanzania kila siku, siku 300, ni 1,500,000. Shilingi 200 za Kenya kila siku, siku hizohizo, ni 60,000. Kwa msafiri wa basi, boti na gesti yenye feni na chandarua, hiyo ni pesa ya kuanzia safari ya maana. Hujawahi kupoteza 5,000 kwa siku? Kwa bando la kutazama likizo za wengine? Kwa soda na chipsi ulizokula bila njaa? Mahali pengi pa kihistoria raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni: beba kitambulisho. Peke yako unashindwa kujizuia? Rudi kwenye kamati! Watu sita, upatu mmoja, mweka hazina mkali, zamu haitolewi, kibubu hakivunjwi hadi siku ya safari. Mmeozesha watu kwa njia hiyo. Mmezika watu kwa njia hiyo. Mbona furaha yenu wenyewe hamuichangii?

"Nina watoto wadogo." Wabebe. Mtoto aliyeshika ukuta wa Husuni Kubwa hasomi historia kwa kukariri.

"Sina wa kwenda naye." Utampata botini.

"Wataniona najidai." Nani? Wale waliokula pilau ya harusi uliyoichangia?

"Ngoja mambo yatulie." Yalitulia lini? Niambie mwaka.

Magoti yako leo yanapanda ngazi za ngome. Mama yako leo anaweza kukaa kwenye mashua akacheka. Kesho yao huijui, na kibaya zaidi, unaishi kana kwamba unaijua.

Basi, leo usiku. Chukua karatasi, au daftari la mtoto la hesabu. Andika tarehe ya kuondoka. Chini yake andika majina ya watu watano, uwapigie mmoja mmoja, usiwatumie ujumbe, wapigie. Fungua kundi. Atakayesema "mwakani" mtoe, mwingine aingie. Kabla hujalala, 5,000 ya kwanza iwe imeingia. Na kesho saa mbili asubuhi, fomu ya likizo iwe juu ya meza ya bosi, imejazwa, imesainiwa, na wewe umesimama mbele yake.