Mwenyewe Wajiitaje?

Mathayo 5:22

Neno letu la mwezi huu ni onyo la Bwana Yesu juu ya mtu amwitaye ndugu yake kwa jina la dharau. Angalieni, Bwana alilitaja kosa hilo mara tu baada ya kuitaja amri ya kutoua. Hakulihesabu kuwa jambo dogo.

Nami naanza kwa kosa langu mwenyewe. Mzee mmoja wa Wadatoga alikuja kuandikwa katika mafundisho ya ubatizo. Nikashika kalamu, nikaandika penye kabila: Mang'ati. Mjukuu wake, aliyejua kusoma, akamwambia nililoandika. Mzee akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, neno hilo ni la Wamasai, maana yake ni adui. Je, Bwana Yesu naye ameniandika hivyo katika kitabu chake?" Nikakosa la kujibu.

Mwinjilisti mmoja aliniambia baadaye, "Lakini watu wote wamelizoea jina hilo, wala hatulisemi kwa nia mbaya." Ni kweli, limezoewa. Lakini nani amelizoea, asemaye au aitwaye? Waakie wa Kiteto huitwa Wandorobo, nalo neno hilo latoka kwa Wamasai, kwa maana ya watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Vivyo hivyo watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi, na wengi wa hao waliletwa pwani katika minyororo ya utumwa. Kisha sisi wa Kanisa tukaliokota neno lilo hilo, tukawaita hivyo wasiobatizwa, hata wazee wetu waliotuzaa na kutulea. Wahenga walisema kweli: mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Katika Kolosai 3:11 Paulo awataja Myahudi na Myunani, mshenzi na mtumwa, apate kuonyesha ya kuwa ukuta uliowatenga umevunjwa katika Kristo. Je, sisi tuujenge tena kwa ulimi? Tena Warumi 5:10 yatukumbusha kwamba sote tulikuwa adui za Mungu, naye akatupatanisha naye kwa mauti ya Mwana wake. Hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa mzee yule. Kama adui ni jina, lilikuwa langu pamoja naye, naye Kristo amelifuta kwa wote wawili.

Basi, ninyi wainjilisti, kabla ya kuandika kitabuni mwulizeni mtu, "Ninyi wenyewe mwajiitaje?" Nanyi wazazi, kumbukeni kwamba jina mlitamkalo mekoni, watoto watalitamka njiani.

Nilimwomba mzee yule msamaha mbele ya mjukuu wake, nikalifuta neno lile. Alibatizwa siku ya Pasaka, naye kitabuni ameandikwa Mdatoga. Bwana aitakase midomo yetu na kalamu zetu pia. Amina.