Je, Mkristu Aweza Kusema: «Sina Upande»?

Kuna maneno mawili tunayoyasikia mara nyingi katika parokia zetu, na hata sisi makatekista twayasema: «Sina upande.» Mtu akiulizwa juu ya uchaguzi, ajibu: Sina upande. Akiulizwa juu ya ugomvi wa shamba, ajibu: Sina upande. Akiulizwa juu ya mtoto anayeitwa mchawi na watu wa mtaa, ajibu vilevile. Maneno haya yasikika kama maneno ya amani. Lakini je, ni ya haki siku zote? Ndilo ulizo tunalotaka kulipima leo pamoja nanyi.

Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe. Anayewafundisha wengine kuungama, imempasa aanze yeye.

Mwaka 2023, majuma machache kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba, mtu mmoja aliyegombea kiti cha ubunge alifika katika kapela yetu ya kijiji. Alikuwa Mkatoliki, tena mkarimu. Alitazama juu, akaona matundu, akaahidi mabati ya kuezeka kapela nzima. Kisha aliomba jambo dogo tu: siku ya Mungu, baada ya ibada, tumtaje kwa jina, tuwaambie watu kwamba huyu ndiye mtoto wa Eklezya. Wazee wa kapela walitutazama. Tulijibu: «Baba, tunakushukuru sana. Lakini hapa ni mahali pa watu wote. Katika mashirika yetu wako wanaokupenda wewe, na wako wanaompenda mwenzako. Eklezya haina upande.» Alikwenda zake, na mabati hayakuja. Padri paroko aliposikia habari alitushika mkono, akatusifu. Nasi tulijiona watu hodari.

Mwezi uleule, mama mmoja mjane alikuja nyumbani kwetu jioni. Mume wake alikuwa amefariki katikati ya mwaka. Walikuwa wamefunga ndoa mbele ya serikali na mbele ya padri. Sasa ndugu za marehemu walimwambia atoke katika nyumba na aache mashamba mawili, kwa kuwa mali ni ya ukoo, na yeye ni mgeni. Mkubwa wa ndugu hao ni mtu tunayemheshimu. Alikuwa kiongozi wa shirika, na ndiye aliyetoa mbao za viti vya kapela. Mama yule hakuomba fedha. Aliomba tumsindikize tu, tuketi pamoja na shemeji zake, tuseme lililo haki. Tulikuna kichwa. Kisha tukajibu: «Mama, hayo ni mambo ya jamaa. Eklezya haina upande.»

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema: «Mwalimu, mimi si chama cha siasa.» Akajifunga kitenge chake vizuri, akaenda.

Ndugu wasomaji, usiku ule hatukulala vema. Tulikuwa tumesema neno moja mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza neno lile lilikuwa kama mlango wazi, watu wote wapate kuingia. Mara ya pili lilikuwa kama kichaka cha kujifichia. Maneno ni yaleyale, lakini kazi yake si moja. Basi, tofauti iko wapi?

Tuulize kwanza mafundisho ya Eklezya. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitangaza hati yake juu ya Eklezya katika ulimwengu wa leo, iitwayo Gaudium et Spes, tarehe 7 Desemba 1965. Katika hati ile twajifunza mambo mawili, na imetupasa kuyashika yote mawili.

La kwanza liko katika namba 43. Wakristu wenye nia njema waweza kulitazama jambo moja la dunia na kutofautiana. Ikiwa hivyo, hakuna mmoja wao mwenye ruhusa ya kujitwalia mamlaka ya Eklezya kwa ajili ya wazo lake yeye, na kuwafukuza wenzake kama si Wakristu kamili. Tazama mfano. Mwaka 2015 mikoa 11 ya nchi yetu iligawanywa ikawa 26, pamoja na mji wa Kinshasa. Mmoja asema ni vizuri, kwa kuwa uongozi unawakaribia watu. Mwingine asema ni vibaya, kwa kuwa maofisi yameongezeka, lakini fedha hazikuongezeka. Wote wawili waweza kukomunika katika Misa moja. Bwana Yezu mwenyewe aliwaita Mateo, mtoza kodi aliyefanya kazi chini ya Warumi, na Simoni, aliyeitwa Mzelote, jina la watu wenye bidii kali kwa ajili ya taifa lao. Wale wawili walikula meza moja. Hatusomi popote kwamba Bwana aliwachagulia chama.

Kwa hiyo katekista anayesimama mbele ya watu na kitabu cha masomo mkononi, asiitumie nafasi ile kuuza jina la mgombea. Yeye ni mwananchi, anayo kura yake, anaruhusiwa kuwa na wazo lake. Lakini wazo lake ni lake. Akilivika kanzu ya Eklezya, anawadanganya watu wadogo wanaomsadiki. Hapo neno «hatuna upande» ni neno la kweli na la lazima.

La pili liko katika namba 76. Eklezya haifungwi na utawala wowote wala chama chochote. Lakini yenyewe ina haki ya kutoa hukumu juu ya jambo lolote, hata la siasa, ikiwa haki za msingi za mtu au wokovu wa roho vinataka hivyo. Sikilizeni vizuri. Hapa hatuulizwi ni fundi gani anayefaa kujenga nyumba. Twaulizwa juu ya mtu aliyelala chini ya ukuta ulioanguka. Mafundi waweza kubishana juu ya ujenzi siku nzima. Juu ya mtu yule hakuna mabishano: aondolewe pale.

Wazee wetu husema kwamba tembo wawili wakipigana, nyasi ndizo zinazoumia. Mkristu halazimiki kusema tembo yupi ni bora. Lakini Mkristu akisema hana upande hata kwa nyasi, huyo hakuielewa Injili.

Tukumbuke shamba la Nabothi. Mfalme Akabu alilitamani, na malkia Yezabeli aliandika barua kwa wazee wa mji. Wazee wale walijua vizuri kwamba Nabothi hana kosa. Hakuna mmoja aliyesema neno, na Nabothi akapigwa mawe. Labda kila mmoja alijiambia: hayo ni mambo ya wakubwa. Tumkumbuke na Pilato. Alitangaza kwamba haoni kosa kwa mtu yule, kisha akanawa mikono. Maji yale hayakumtoa Bwana Yezu msalabani. Kunyamaza mbele ya aliye na nguvu, wakati mnyonge anapigwa, ni kumsaidia mwenye nguvu. Huo nao ni upande.

Na katika mambo yetu ya kila siku, mara nyingine hata sheria ya nchi imekwisha kusema, ila sisi ndio tunaochelewa. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto inakataza kumshtaki mtoto kwamba ni mchawi, tena inaweka adhabu. Basi katekista akiona mtoto analala nje kwa sababu nabii fulani amemtaja, aseme hana upande? Hapo hakuna pande mbili zenye haki sawa. Yuko mtoto, na uko uwongo.

Wengine watatupinga. Watasema: «Mkisema hivyo mnaingia siasa.» Twajibu kwa historia yetu wenyewe. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristu wa Kinshasa walitoka kwa miguu wakishika rozari, Biblia na mishumaa. Hawakutaka kumweka mtu fulani kitini. Waliomba Konferensi Kuu ya Taifa, iliyofungwa mwezi wa Januari, ifunguliwe tena, ili wananchi waweze kusema. Askari waliwapiga risasi, na watu wengi walikufa. Mwezi wa Aprili mwaka uleule Konferensi ilifunguliwa tena, nayo ilikuwa chini ya uongozi wa Askofu Mkuu Monsengwo. Katika matembezi yale walikuwamo watu wa vyama mbalimbali na watu wasio na chama. Walitofautiana katika mengi, wakakubaliana katika jambo moja: watu wasifungwe kinywa.

Wengine watasema: «Anayesema ataumia.» Ni kweli, hatuwezi kuwadanganya. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliwatetea wakimbizi waliovuka mpaka mwaka 1994, naye aliwatetea pia watu wake vita vilipokaribia. Aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Kijana Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa mtumishi wa ofisi ya kupima bidhaa mpakani. Hakuhutubia mtu. Alikataa tu kupokea rushwa ili vyakula vilivyoharibika vipite. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma. Mungu haombi kila mtu kufa hivyo. Wengi wetu anatuomba tu kupoteza mabati, au mbao, au urafiki wa mtu mmoja mwenye cheo. Na bei hiyo ndogo nayo twaikataa.

Wengine tena, nao wana akili, watasema: «Tutajuaje nani ana haki? Hata mjane aweza kusema uwongo.» Neno hili ni zito. Kuna watu wanaokimbilia kuchagua upande kabla ya kusikia kitu. Leo habari yafika katika simu asubuhi, na kabla ya saa sita kijiji kizima kimekwisha kuhukumu. Huo si ushujaa, ni haraka tu. Kwa hiyo tunawapa maulizo matatu, ambayo sisi wenyewe twajiuliza sasa.

Kwanza: Je, katika jambo hili yuko mtu anayeonewa, au ni mawazo ya watu yanayotofautiana? Kama ni mawazo, tuyaheshimu, tuwaache watu wachague kwa dhamiri yao. Kama yuko mtu, tusimame.

Pili: Je, tumewasikia wote wawili, uso kwa uso? Bwana Yezu alitufundisha kumwendea ndugu aliyekosa kwanza peke yetu, kisha pamoja na mashahidi, na mwisho mbele ya jumuiya. Sisi mara nyingi twaanza mwisho, mbele ya watu wote, au hatuanzi kabisa.

Tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote: Je, tungesema vilevile kama mwenye kosa angekuwa mtu wa kabila letu, wa jamaa yetu, au mfadhili wetu? Na kama anayeonewa angekuwa wa kabila tusilolipenda? Katika nchi yetu damu nyingi imemwagika kwa sababu watu waliona machozi ya upande wao tu. Anayewatetea walio wake peke yao bado hajaitetea haki.

Tumalize habari ya mama yule. Tulikwenda, lakini tulichelewa miezi mitatu. Tulianza kwa shemeji mkubwa peke yake, kisha pamoja na wazee wawili. Mwanzoni alikasirika, akatukumbusha mbao zake. Tulimwambia kwamba tuko tayari kuzirudisha, na watu watakaa chini. Mwisho alikubali mama akae katika nyumba pamoja na watoto wake. Shamba la juu alirudishiwa. Shamba la chini lilikuwa limekwisha kuuzwa, na binti wake wa kwanza alikuwa amekwisha kupoteza mwaka wa sekondari kwa kukosa fedha. Hayo hatukuweza kuyarudisha. Miezi mitatu ile iko juu yetu, nasi tumeiungama.

Yule shemeji aliacha uongozi wa shirika, na kwa muda hakuonekana katika ibada. Sasa amerudi, anaketi nyuma. Tunamsalimu, naye anaitikia. Twamwombea, maana yeye naye ni kondoo wa Bwana, na kumpinga katika kosa lake si kumchukia. Mama mjane huketi mahali pake pa zamani, karibu na waimbaji. Kapela yetu bado inavuja. Mvua ikinyesha wakati wa ibada, watu husogeza viti vyao upande ulio mkavu, wa chama hiki pamoja na wa chama kile, wakabanana.

Basi, ndugu, uchaguzi mwingine utakuja, na magomvi ya mashamba hayatakwisha. Mtu akikuomba umpe madaraka kwa jina la Mungu, mjibu bila kuogopa kwamba Eklezya haina upande. Lakini mtu akikujia jioni mwenye machozi, usimpe jibu lilelile. Vaa viatu, umsindikize.