Kuanika

Kiswahili kimelipa neno moja kazi mbili. Unaanika nguo, mahindi, omena. Unaanika pia siri za mtu. Ni kama lugha yenyewe iliamua kwamba jua na hadhara ni kitu kimoja, na wengi wetu tunaamini vyote viwili husafisha.

Mimi sijashawishika, na kilichonipa shaka ni maji.

Mvua ikipita kwenye majani yaliyooza na udongo mweusi, hubeba mabaki yaliyoyeyuka kabisa. Huwezi kuyachuja kwa kitambaa. Unachoona ni rangi tu, rangi ya strungi, na kweli ni hesabu ile ile ya sufuria: majani, maji, subira. Watu wakiona ziwa la rangi hiyo husema ni chafu.

Halafu jua linawaka. Rangi ile ndiyo inayonasa mwanga, hasa miale ya urujuanimno, ile inayochoma ngozi. Molekuli ikishaunasa inaweza kuvunjika. Sehemu inageuka kaboni dayoksaidi na kupaa zake. Sehemu nyingine inakatika vipande vidogo ambavyo bakteria wanaweza kula. Siku zikipita maji yanapauka, kama leso iliyosahaulika kwenye kamba.

Kaskazini mwa Alaska, eneo la ziwa Toolik, Rose Cory na wenzake walipima jambo hili. Matokeo yao ya 2014 yalionyesha kwamba mwanga ulihusika na asilimia 70 hadi 95 ya kaboni iliyoyeyuka iliyobadilishwa ndani ya maji ya mito na maziwa ya huko. Na fikiria udongo wenyewe: chini umeganda mwaka mzima, umefungia mabaki ya mimea ya maelfu ya miaka. Dunia ikipata joto unayeyuka, mabaki yanaingia majini, yanakutana na jua, yanakuwa gesi inayoongeza joto. Kilichofichwa mle hakikuwa uchafu. Kilikuwa akiba.

Tena ile rangi ni mwavuli. Inawakinga viumbe wadogo wa majini dhidi ya miale. Mvua ya asidi ilipoharibu maziwa mengi ya Norway na Sweden karne iliyopita, baadhi yalibaki maangavu ajabu, yanapendeza kwa picha, na samaki hamna.

Sasa, kuna mhariri aliyeniandikia akitaka niseme kwa nini niliacha chuo. "Anika tu," alisema, "utapona, na wasomaji watapona nawe." Malipo yake yangelipa kodi ya miezi miwili, na kwa freelansa hiyo si hela ya kuchezea. Lakini sababu yangu si yangu peke yangu. Ndani yake yuko mama, na ugonjwa ambao hajawaambia hata dada zake.

Najua mtakachosema. Giza ndiko wezi wanakojificha. Sawa, na aliyekula pesa za umma aanikwe mpaka akauke, sina huruma. Walio chini ya mto walikunywa alichomwaga, wana haki ya kujua. Mama hajamwaga chochote kwa mtu.

Kinachonisumbua zaidi ni wale bakteria. Jua halivunji tu, linalisha pia. Pengine kuna msichana kwenye hosteli fulani, begi limeshafungwa, anadhani ni yeye pekee duniani, na kipande cha habari yetu kingemtosha wiki nzima. Siwezi kujifanya hayupo. Ila yeye angeshiba kwa kitu ambacho kwa mama hakitarudi tena kuwa kizima, na sioni ni mizani gani inayopima hayo mawili. Wanaosema uwazi ni dawa huwa hawaulizi ni nani anayevunjika ili itengenezwe.

Kwa hiyo nilimuuliza mwenyewe. Mama alicheka kwanza, eti nani atasoma. Kisha akanyamaza kwa muda, akasema ningoje. Mhariri bado sijamjibu. Na ile sentensi ya ugonjwa hapo juu, mama aliisoma kabla yenu. Alifuta maneno mawili, akanirudishia simu.