Usimwadhibu Mwenzako kwa Kosa la Ofisi

Dada mpendwa, wewe uliyebaki Kisumu huku mume wako yuko Marekani, najua swali unaloulizwa kila Jumapili baada ya Misa: "Kwani bado hujaenda?" Pengine hata moyoni umeanza kushuku kwamba yeye ndiye hataki ufike.

Kwanza elewa mambo yalivyo. Visa za wake wa raia wa Marekani hazina kikomo kwa mwaka, lakini faili hupitia hatua nyingi. Mume akiwa mkazi wa kudumu tu, visa zina idadi maalum, na mke hungoja zamu kufuatana na tarehe ombi lilipopokelewa. Kisha kuna cheti cha tabia njema, kupimwa na daktari, na mahojiano Nairobi. Kuchelewa peke yake si ushahidi kwamba umeachwa.

Mkumbuke Yakobo katika kitabu cha Mwanzo. Alitumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, Labani akamdanganya. Lakini alimlaumu Labani, hakumlaumu Raheli.

Basi pataneni hivi: habari za faili mzizungumze siku moja kwa wiki. Siku nyingine ongeeni juu ya watoto, shamba na wazazi. Salini Rozari pamoja kwa simu. Dalali anayeahidi njia ya mkato msimpe hata shilingi.

Nawe ndugu mume, barua ikifika, msomee mkeo yote. Kimya chako humuumiza kuliko habari mbaya. Uaminifu mlioahidiana altareni haungoji visa; uishini leo.